Gari Lililomkataa Mama Rosalie

Usimcheke Umuhoza. Nasema mapema kabisa, maana nawajua watu wetu wa Bihambwe: gari la mtu likikwama, wa kwanza kucheka ni yule ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Umuhoza alikuwa na gari, tena la boîte otomatiki, yaani lile lenye sanduku la gia linalojibadilisha lenyewe, na mguu wa kushoto wa dereva unakaa bure kama mgeni. Kwa mwanamke anayeuza mbegu za maharagwe kwenye vilima vya Masisi, hilo si jambo dogo. Lilitoka Japani, likapita mikono ambayo hakuna anayeijua, likaishia kwenye kiwanja cha muuzaji mmoja pale Goma. Umuhoza alipouliza habari za garanti, yule bwana alimwonyesha lango la kiwanja chake kwa kidole.

"Garanti iko mpaka pale," akasema. "Ukishapita pale, njo yako na Mungu wako."

Njo kwetu ni ndiyo. Basi Umuhoza akapita pale. Lakini yule bwana, kwa huruma au kwa aibu, alimpa shauri moja bure. Siku gari likimsumbua asilipige teke wala asilitukane. Asimame, aisukume levye mbele mpaka mwisho kwenye P, ile ya kuegesha, azime injini, ahesabu hadi ishirini, kisha awashe upya. Levye ni ile fimbo fupi ya kubadilishia gia, iliyo katikati ya viti viwili vya mbele. Taa za dashibodi za kuonyesha gia zilikuwa zimekufa siku nyingi, na herufi zilizoandikwa kando ya levye zilikuwa zimefutika nusu, kwa hiyo Umuhoza aliendesha kwa mazoea ya mkono. Miaka miwili hakulihitaji lile shauri hata siku moja.

Akalihitaji Jumanne ile alipompakia mama yake.

Mama Rosalie alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anatambua kwamba mlango umefunguliwa, lakini nani ameingia, hajui mpaka aongee. Wajukuu zake aliwatofautisha kwa kupapasa vichwa. Wiki ile madaktari wa macho walikuwa wamefika kwenye hospitali moja ya Goma, wanapasua watu, na jina la Mama Rosalie lilikuwa limeandikwa. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kupasua. Jumamosi wanafunga masanduku yao wanaondoka, na kurudi kwao hakuna aliyekujua, pengine mwaka ujao, pengine hapana. Kwa pikipiki hawezi kwenda, maana pikipiki ndiyo iliyomvunja nyonga. Kamio, yaani lori, ni refu, hawezi kupanda. Teksi inabana watu wanne mbele, na nyonga ile ilikuwa haivumilii. Lilibaki gari la Umuhoza, kiti cha mbele, mto mmoja mgongoni na blanketi kwenye magoti kwa sababu ya baridi yetu.

Tena alikipenda kiti cha mbele. Marehemu mumewe, Habumugisha, alikuwa dereva wa kamio bovu la kubeba maharagwe na mihogo kwenda Goma, na safari nyingine hadi Itebero kule Walikale kuchukua mafuta ya mawese, na Mama Rosalie alikaa kando yake miaka kumi na saba. Alipoingia ndani ya gari la binti yake siku ile, kwa mara ya kwanza tangu macho yafunge, alipapasa mlango, akapapasa dashibodi, akapapasa levye, akasema, "Bon. Twende."

Wakaenda. Hawakufika mbali. Waliposhuka mteremko wa kwanza, gari likaanza kukimbia lenyewe kama ng'ombe aliyekata kamba. Umuhoza akakanyaga breki mpaka mwisho. Chini kabisa, penye kidaraja, barabara ikaanza kupanda tena. Akakanyaga mafuta. Injini ikalia kwa nguvu zake zote, na gari halikusogea hata kidogo, isipokuwa kurudi nyuma. Na harufu ya kuungua, jamani! Ilijaa ndani mpaka Mama Rosalie akakohoa.

Roho mkononi, Umuhoza akavuta breki ya mkono, akaipapasa levye chini ya pindo la blanketi, akaisukuma mpaka mwisho, akazima, akahesabu hadi ishirini, akawasha, akaweka D, ile ya kwenda mbele. Gari likapanda vizuri, limetulia, kama halijafanya kitu. Mteremko wa pili, mambo yaleyale. Wa tatu, yaleyale, na safari hiyo lilirudi nyuma likakaribia shimo. Mbele yake bado kulikuwa na mteremko wa Mushaki, ule wa kushukia Sake, na ule ukishindwa katikati hakuna kidaraja cha kukusubiri chini. Umuhoza akageuza gari. Wakarudi nyumbani polepole, mama anasali, binti ameukamata usukani kwa mikono yote miwili.

Jumatano asubuhi akalipeleka kwa fundi Sebarenzi. Huyu anajulikana. Pikipiki zote zinazopanda Rubaya na kushuka na magunia yao zimepita mikononi mwake, na makamio anayasikiliza tu, anakwambia ugonjwa. Lakini boîte otomatiki alikuwa amewahi kufungua moja tu maishani, na ile moja haikufungika tena. Mwenye gari lile mpaka leo akimwona anavuka barabara.

"Mafuta inapanda, moteur inalia, gari haiendi, na harufu ya kuungua," Sebarenzi akahesabu. "Dada, usitafute mbali. Diski za ndani zimeungua. Boîte imekufa."

"Imekufa namna gani, na nimekuja nayo hapa?"

"Inakufaka polepole."

Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya boîte, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akainama kunusa. Akakirudisha, akakichomoa tena, akanusa tena. Mafuta ya boîte iliyoungua yanakuwa meusi na yananuka vibaya. Hilo hata yeye alilijua. Haya yalikuwa mekundu, maangavu kama divai ya misa, hayana harufu yoyote.

"Sasa hii ni nini?" akauliza, na hakuwa anamuuliza Umuhoza.

Alikuwa na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma makosa ya gari na kuyaandika kwenye simu. Akachomeka. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba hakuna kosa lolote. Sebarenzi akaitazama kwa hasira.

"Hii haijue Kijapani," akasema.

Wakapakia magunia sita ya maharagwe nyuma, Sebarenzi akakaa mbele, wakapanda na kushuka kilima cha kanisa mara nne. Gari lilikwenda linaimba. Halikukimbia penye mteremko, halikulia penye mlima. Umuhoza, badala ya kufurahi, alitaka kulia. Gari likikataa, unajua pa kuanzia. Gari likikubali mbele ya fundi, unaonekana mwongo.

"Jana ulikuwa na nani ndani?" Sebarenzi akauliza.

"Na Mama."

"Mama iko kilo ngapi?"

"Sebarenzi! Hata gunia moja hafiki."

"Basi tumulete. Mimi sijui tena. Tumulete tu."

Wakamleta. Mama Rosalie akakaa mbele na blanketi lake. Sebarenzi yeye alifuata nyuma kwa pikipiki, aangalie moshi, aangalie kama kuna kinachodondoka chini. Na pale pale kwenye kilima cha kanisa, mteremko uleule wa mara nne, gari likakimbia, likanuka, likafika chini likalia bila kusogea. Wakamshusha Mama Rosalie. Akaingia Sebarenzi. Gari likaenda. Wakamrudisha Mama. Gari likakataa.

Sasa wewe niambie, ungefanya nini? Sebarenzi alifungua kiti cha mama akatafuta waya chini yake, akapata kichana na punje za maharagwe. Alifungua mlango wa upande wake akaufunga tena. Alimwomba Mama avue viatu. Alimwomba avue rozari shingoni, kisha akaona haya akamrudishia. Akampigia simu fundi mmoja wa Goma, akamweleza kwamba kuna boîte inayofanya kazi na watu wote isipokuwa mama mmoja mzee, na yule wa Goma akamuuliza kama ameanza kunywa asubuhi. Kufikia saa sita alikuwa amekaa juu ya tairi, kichwa mikononi, mafuta mpaka kwenye nyusi.

Watu walikuwa wamekusanyika, kama kawaida. Na miongoni mwao alikuwepo Agathe, jirani, ambaye mdomo wake haujui kusubiri.

"Aka! Munahangaika bure," Agathe akasema. "Hii gari imemukataa Mama Rosalie. Njo ile tu."

Mama Rosalie haoni, lakini anasikia kuliko sisi wote. Aliweka mikono juu ya blanketi.

"Umuhoza," akaita. "Nifungulie mulango, nishuke."

"Mama, usimusikilize Agathe."

"Agathe amesema kweli. Gunia inapanda, fundi anapanda, mimi napanda gari inakufa. Kama Mungu alitaka nione tena, angeacha gari inikatae? Nifungulie."

"Gari haina akili, Mama! Ni chuma! Chuma inajua nini na weye?" Umuhoza alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba moyoni mwake hakuwa tena na hakika. Alikuwa ameona kwa macho yake. Mara tano ameona.

Akamfungulia mlango. Mama Rosalie akashika njia ya nyumbani kwa fimbo yake, akikataa kushikwa mkono.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Sebarenzi alikuja nyumbani kwa Umuhoza na jeki, funguo zake na turubai. Alikuwa ameamua: anaishusha boîte, anaifungua, anaangalia ndani. Muda gani? Siku mbili ikienda vizuri. Na isipokwenda vizuri? Sebarenzi akatazama mvua. Umuhoza akapiga hesabu ya vidole, Alhamisi, Ijumaa, na vidole vikaishia kwenye Jumamosi ya madaktari kuondoka. Akaona wazi kabisa: leo likifunguliwa, Mama atabaki gizani, na gari labda litabaki vipande kwenye turubai. Lisipofunguliwa, Mama atabaki gizani vilevile.

"Bado usilegeze bulo, hata nati moja," akasema. "Tushuke kilima mara moja tena. Na Mama."

"Kusudi tuone nini?"

"Sijui, Sebarenzi. Sijui! Mara moja tu."

Mama Rosalie aliombwa kama bibi harusi. Mwishowe alikubali kwa sababu amechoka kukataa. Na kwa sababu ya mvua, Sebarenzi safari hii hakupanda pikipiki. Aliingia nyuma, akajibana katikati, kichwa chake kikatokea kati ya viti viwili vya mbele, sikio limeelekezwa chini, kwenye boîte.

Wakafika juu ya kilima cha kanisa. Gari likainamisha pua. Na hapo Sebarenzi akasikia kitu kidogo sana: tak.

Akatazama chini. Blanketi la Mama Rosalie lilikuwa limefunika levye, na chini ya blanketi palikuwa na kitu kilichosimama imara. Gari likaanza kukimbia. Umuhoza akakanyaga breki. Sebarenzi akalishika pindo la blanketi kwa vidole viwili, akalifunua polepole.

Palikuwa na mkono. Mkono wa kulia wa Mama Rosalie ulikuwa umeikamata levye kwa vidole vyote vitano, kiwiko kimenyooka, bega limeegemea, anaisukuma mbele kwa nguvu zake zote za umri ule. Ameitoa kwenye D, ameipeleka kwenye N, pale ambapo gari halishikwi na gia yoyote, na ameishikilia hapo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Uso wake haukuwa na woga wala utundu. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Yesu," Sebarenzi akasema.

Umuhoza akageuza shingo mara moja tu, akauona ule mkono. Ni ule mkono. Ghafla akawa tena na miaka sita, amebanwa kati ya baba na mama kwenye kamio, miguu yake haifiki chini, na mbele ya pua yake kuna mkono ule ule umenyooka, vidole vile vile. Kamio la baba lilikuwa linatema gia ya tatu. Kila mteremko, gia inaruka yenyewe, na gari lenye tani za maharagwe linabaki bila kushikwa. Baba alihitaji mikono yote miwili kwenye usukani. Basi wakifika juu ya mteremko alikuwa anasema neno moja, na Mama anaishika levye kwa mkono wake, anaisukumia mbele gia ya tatu isitoke, mpaka chini. Mushaki nzima. Miaka kumi na saba.

Gari likafika chini ya kilima. Mama Rosalie aliposikia barabara imenyooka aliiachia levye, kazi imekwisha, akafanya ishara ya msalaba, akaurudisha mkono juu ya magoti. Umuhoza akakanyaga mafuta kwa mazoea tu, injini ikalia, gari halikusogea.

"Imenikataa tena," Mama Rosalie akasema taratibu. "Sikuwaambia?"

Umuhoza akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akatoka kwenye mvua. Sebarenzi akamfuata. Walisimama nyuma ya gari, na yule fundi akainama, akashika magoti, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na mvua. Alikuwa anacheka furaha na aibu pamoja, maana nusu saa nyingine angekuwa ameshaifumua boîte nzima.

"Iko muzima kuliko mimi!" akasema. "Na ile harufu ni freni, dada! Gari iko bure, haishikwe na kitu, weye unakanyaga freni tangu juu mpaka chini. Freni njo zilikuwa zinaungua. Na ukifika chini unarudisha yote kwa P, unaanza upya, kwa hiyo huoni kama levye ilitoka mahali pake. Na mimi nilikaa pale mbele jana siku nzima, mikono yangu kwa magoti, kama mujinga! Sasa uende, umwambie Mama asiguse."

Umuhoza hakucheka.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba yeye njo alikuwa anaharibu."

"Sebarenzi." Alijipangusa uso. "Jana amekubali kubaki kipofu kwa sababu ya gari hii. Leo nimwambie kwamba ni mukono yake? Ile mukono njo ilikuwa inatufikisha Goma. Baba asingefika. Mimi nisingekuwa hapa."

Sebarenzi akaacha kucheka. Akasimama kwenye mvua, akifikiri kama anavyofikiri mbele ya injini. Kisha akauliza, "Kwa miteremko unawekaka wapi?"

"D. Kila mara D."

"Mubaya. Ukishuka, vuta nyuma, kwa L. Ile inashika gari kwa nguvu, freni zinapumzika. Na pale muntu akivuta nyuma namna gani, haiharibu kitu. Ni mwisho wa njia, haina pa kwenda." Akamtazama. "Unanisikia?"

Umuhoza alimsikia vizuri sana.

Sebarenzi akazunguka upande wa Mama Rosalie, akafungua mlango, akainama kwa heshima kama daktari anayeleta majibu.

"Mama, nimepata ugonjwa. Hii gari inatema vitesi, gia zake zinatoka."

Mama Rosalie akainua kichwa. "Sikujua mimi? Nilisikia tangu Jumanne! Penye kushuka naisikia inataka kutoka, naisukuma, naisukuma, lakini haishikike."

"Njo shida yake, Mama. Hii ya Kijapani inatemaka kinyume. Haitaki kusukumwa. Inataka muntu wa kuivuta."

"Kuivuta mimi? Kwa nyuma?"

"Kwa nyuma. Umuhoza atakuambia wakati, unavuta, unashikilia mpaka chini. Bila muntu wa kushika, hii gari haiwezi kushuka Mushaki."

Mzee yule alikaa wima kwenye mto wake, na uso wake ulifunguka, nakwambia, kama uso wa msichana aliyeitwa kwa jina.

"Sasa munangojea nini?" akasema. "Madaktari watatungojea sisi?"

Waliondoka asubuhi ileile. Kila mteremko Umuhoza alisema, "Sasa, Mama," na mkono ukatoka chini ya blanketi, ukavuta. Walishuka Mushaki polepole, injini inanguruma, breki hazinuki. Mama Rosalie hakusali hata mara moja, hakuwa na nafasi. Walipofika Sake alikunja na kukunjua vidole, akasema bega linamuuma, na alisema kwa majivuno. Ijumaa, saa tatu asubuhi, wakampasua jicho la kulia. La kushoto likaandikwa kwa safari nyingine, ikiwapo.

Jumamosi wakamfungua bandeji. Alipepesa, akatoa machozi, akamkazia macho mwanamke aliyesimama mbele yake.

"Eh, Umuhoza," akasema. "Umezeeka lini?"

Na Umuhoza akacheka na kulia mpaka muuguzi akamtafutia kiti.

Wakarudi Jumapili. Njia nzima Mama Rosalie alitazama: mawe ya volkano, mabati, nyanya barabarani, mbuzi. Alisoma maandishi ya maduka kwa sauti, yote, hata yale ya aibu. Lakini baada ya Sake aliacha kusoma. Umuhoza alimwona kwa pembe ya jicho. Mama alikuwa anatazama levye. Walipita mashimo ya kutisha, gari linarukaruka, na levye imekaa kwenye D, imetulia, hakuna aliyeishika. Wakaumaliza mlima wa Mushaki. Mama bado anatazama.

"Hii haitemaki," akasema.

Umuhoza akakwepa shimo, macho yake barabarani.

"Kwa kamio ya baba yako, ungeacha hivi, ingekuwa imetoka mara makumi mbili." Akautazama mkono wake wa kulia. "Ni mimi nilikuwa nasukuma."

"Mama..."

"Sebarenzi eko anajua?"

"Anajua."

"Alicheka?"

"Alicheka sana, Mama."

Mama Rosalie akatikisa kichwa. "Watu wazima wawili, kunidanganya mimi kwa mvua," akasema, na akageukia dirisha. Umuhoza aliogopa kumtazama. Alitaka kumwomba radhi na hakujua radhi ya kosa gani, la kudanganya au la kugundulika. Mbele yao mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo, na kilima kilikuwa kinaisha. Ulikuwa unakuja ule mlima, leo ukiwa mteremko, uliorudisha gari nyuma Jumanne, ukakaribia kulitia shimoni.

Mama Rosalie akatazama mteremko kwa jicho lake zima. Akalikunja blanketi, akaliweka miguuni, maana sasa halikuwa na cha kuficha. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaishika levye.

"Sema wakati," akasema.

"Sasa, Mama," Umuhoza akasema, na Mama Rosalie akavuta.